Siku Goti la Baba Liliporuka

Sisi tunaoingia umri wa kupimwa sukari na presha kila tukipiga chafya, tunajua jinsi vijana wenye koti jeupe wanavyotugeuzageuza kama viazi sokoni. Wiki mbili zilizopita mmoja wao aliniketisha kwenye kitanda cha chuma, miguu ikining'inia, akatoa nyundo ndogo ya mpira mfukoni, akanigonga chini ya goti. Mguu ukaruka. Akasema, "Bien, Mama. Neva yako iko muzuri." Nikaanza kulia. Masikini alidhani ameniumiza, akaniomba msamaha mara tatu, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakachungulia mlangoni kuona kuna nini. Sikuweza kumweleza. Nawaeleza ninyi, wa umri wangu, kwa sababu mlikuwapo miaka ile na hamtaniuliza bunduki zilikuwa za nani. Zilikuwa za kila mtu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa anatomia katika shule ya wauguzi pale Butembo. Wanajeshi walipoanza kulala madarasani, Baba alibeba vitu viwili tu na kuvileta nyumbani kwetu Bulengera: nyundo ya mpira na picha kubwa ya karatasi ngumu, ile aliyoiita planche. Aliipigilia misumari ukutani sebuleni, juu ya mkeka niliolalia. Ilimwonyesha mtu asiye na ngozi. Nyuzi za manjano zilitoka kichwani mwake, zikashuka mgongoni zikiwa fungu moja nene, kisha zikatawanyika hadi kwenye ncha za vidole. Mimi niliamini kwamba yule alikuwa mwanafunzi wa Baba aliyefeli mtihani. Hakuna aliyeniambia hivyo, niliyatunga mwenyewe, na ndiyo maana nilisoma kwa bidii kuliko watoto wote wa mtaa.

Wanafunzi walikuja kwetu mchana, wakaketi uani kwenye mabenchi ya Mama, na mimi nikawa mfano wao. "Position anatomique!" Baba aliamuru. Nilisimama wima, miguu sawa, mikono chini, viganja vikitazama mbele. Siku moja wanajeshi waliingia uani kutafuta kuku wakatuambia wote tusimame, nami kwa mazoea nikasimama hivyo hivyo, viganja mbele. Mmoja wao alicheka mpaka akasahau kuku. Baba alipenda kuisimulia hadithi hiyo. Alisema anatomia imeokoa jogoo.

Alifundisha kwa kidole kimoja, cha shahada, akikiinua kila mtu alipokosea. "Ubongo na uti wa mugongo, ile ni système central," alisema. "Zile zingine zote, neva zenye kuenda ku mikono na ku miguu, ni périphérique. Kuko zenye kuleta habari, kuko zenye kupeleka amri. Mukichanganya, mugonjwa atakufa na ninyi mutafungwa." Nikajifunza kwamba mkono wa kushoto ni wa kushoto kwa mgonjwa, si kwa anayemtazama. Nikajifunza proximal, kilicho karibu na kiwiliwili, na distal, kilicho mbali nacho, na kwa majuma kadhaa niliwachosha wenzangu nikiwaambia kwamba kisima ni distal na duka la chumvi ni proximal. Mwishoni mwa somo, kama zawadi, Baba aliniketisha mezani na kunigonga goti ili wanafunzi waone linavyoruka. Nilicheka kila mara. Nilidhani mguu wangu ni mtoto mwingine mdogo, mwenye akili zake.

Na alisahihisha kila kitu. Padre alipohubiri kwamba Mungu ametuwekea moyo upande wa kushoto, Baba alimngoja nje ya kanisa, akamweleza kwa heshima zote kwamba moyo uko katikati ya kifua na ncha yake tu ndiyo inaelekea kushoto. Mama alivuta kitenge chake akajifunika uso kwa aibu. Njia nzima ya kurudi alimtania: "Mutu wa kusahihisha hata Mungu. Siku moja utamwambia malaika bawa lake limekaa vibaya." Mama alikuwa muuzaji wa maharage na mkulima, hakusoma zaidi ya kusoma barua, lakini kwa ulimi hakuna aliyemweza. Baba tu ndiye aliyepona, kwa kuwa alifurahi kushindwa.

Kisha Baba akapigwa risasi. Alikuwa akirudi kutoka Beni, alikokwenda kusimamia mitihani, na watu wenye bunduki wakalifyatulia risasi gari lao kutoka kichakani. Risasi ilimwingia mgongoni, kidogo chini ya mabega. Wenzake walimrudisha Beni, na huko akalazwa majuma mengi. Mama alikuwa naye, mimi nikaachwa kwa jirani. Aliyewasaidia zaidi ni mjomba wangu, kaka yake Mama, mkulima wa Mulekera, kando ya mji wa Beni. Yeye na Baba walitaniana kama mashemeji wanavyopaswa kutaniana. Ni yeye aliyembeba Baba mgongoni kutoka kitanda hadi kitanda, akimwambia, "Shemeji, umefundisha batu mbio ya neva, na wewe mwenyewe ukashindwa kukimbia risasi." Walisema Baba alicheka mpaka muuguzi akawagombeza wote wawili.

Walipomrudisha Butembo walimshusha garini na godoro lake. Miguu yake ilining'inia kama ya mtu mwingine. Daktari wa Beni alikuwa ameongea na Baba kwa Kifaransa, msomi kwa msomi, mlango umefungwa. Mama aliachiwa sentensi moja tu ya Kiswahili: "Kama kitu kinabadilika, kuya uniambie." Baba alipoulizwa daktari amesema nini, alijibu, "Anasema tungoje." Kwa hiyo tukangoja.

Kungoja kulikuwa na kazi yake. Mtu asiyehisi mgongo wala miguu lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama inaoza pale anapolalia. Saa yetu ya ukutani ilikuwa imekwenda na wanajeshi, basi Mama akapima muda kwa maharage. Chungu kikiiva, Baba ageuzwe. Alikuwa akiweka kingine motoni na kumvuta kwa kitenge kilichotandikwa chini yake, upande huu, kisha upande ule, akimkagua makalio na visigino kama anavyokagua mbegu. Mtaa mzima ulikula maharage yetu miezi ile. Baba hakupata hata kidonda kimoja wakati huo.

Ilikuwa alasiri moja ya ukungu, Mama anafua uani. Baba ameegemezwa kwenye mito, mto mwingine umewekwa chini ya magoti, anasahihisha daftari za wanafunzi. Mimi nilikuwa nikicheza na ile nyundo, na kwa kuwa nilizikumbuka siku zetu za mezani, nikamgonga chini ya goti. Sikutegemea kitu. Mama alikuwa ameniambia kwamba kule hospitali hata nyundo ya daktari haikuiamsha miguu ile. Lakini mguu uliruka. Uliruka juu kuliko wangu ulivyowahi kuruka, na uliposhuka, unyayo ukaendelea kutetemeka wenyewe.

Baba hakuinua macho. Hakuwa amehisi kitu. Nilipopiga kelele ndipo alipotazama.

"Baba, imeruka."

"Naona," akasema.

Mama aliingia mbio, mikono imejaa povu la sabuni. "Rudilia," akaniambia. Nikagonga tena, mguu ukaruka tena. Mama akaketi chini pale pale kwenye sakafu ya udongo, akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yakimtiririka, akisema, "Wasingya, Nyamuhanga," ahsante Mungu, mara nyingi, kwa Kinande cha mama yake. Hakuwa amecheka tangu siku ya risasi. Nilimtazama Baba ili afurahi nasi. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimeinuka, na mdomo umefunguka. Kisha alimtazama Mama pale chini, na kidole kikashuka.

Nami niliijua picha ya ukutani. Nilijua kwamba amri hutoka kichwani na kushuka kwa nyuzi mpaka mguuni. Kama mguu umesogea, basi amri imefika, na kama amri imefika, uzi uliokatika umeunganika. Nilimweleza Mama hayo yote, nikimwonyesha kwa fimbo kwenye planche, na Mama akanisikiliza kama anavyomsikiliza padre. Baba mwenyewe alikuwa kitandani, anasikia kila neno. Ukimya wake niliuchukua kuwa alama ya kufaulu. Mtu aliyemsahihisha padre asingeshindwa kunisahihisha mimi.

Kuanzia hapo kila alasiri nilimgonga goti mbele ya Mama. Majirani walikuja kuona. Mama alitoa viatu vya Baba chini ya kitanda, akavipaka rangi vikang'aa, akaviweka mahali ambapo angevifikia siku ya kusimama. Baba aliviona kila alipogeuzwa upande ule. Juu ya goti hakusema kitu kwa mwezi mzima.

Asubuhi moja, kengele ya misa ya kwanza ikilia, Mama aliniamsha. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani na kufunga kilemba.

"Mi naenda Beni kwa daktari," akaninong'oneza. "Alisema kama kitu inabadilika nimwambie. Na kitu inabadilika, hapana?"

"Ndiyo, Mama."

"Pengine atakuya naye kumuangalia. Ao atasema tumulete. Baba yako umufiche. Atakatala juu ya ile barabara. Sema niko ku shamba. Siku mbili tu, ya tatu niko hapa." Akanionyesha tena jinsi ya kuvuta kitenge, mguu wangu mmoja ukiegemea ubao wa kitanda ili nipate nguvu. Maharage yalikuwa yamelowekwa. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaondoka na magari ya wafanyabiashara. Nilijivuna. Mimi ndiye niliyeliona goti, na sasa mimi ndiye mwenye nyumba.

Chungu cha kwanza kilipoiva nilimgeuza Baba. Alinisaidia kwa kujivuta na mikono, kwa sababu mikono yake ilikuwa na nguvu bado. Wanafunzi walikuwa wamekimbilia vijijini kwao juma lile, hapakuwa na mwingine.

"Mama iko wapi?"

"Ku shamba."

Akatazama mahali ambapo viatu vyote vya nyumba hupangwa. "Ku shamba na viatu ya misa?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni. Na sikuona sababu ya kuirefusha, kwa sababu nilikuwa na habari njema. Nikamwambia yote, nikitabasamu: ameenda kumleta daktari, Baba, kwa sababu ya goti lako.

Baba aliinuka. Namaanisha mikono yake iliinuka, kifua kikainuka, akawa amesahau. Kwa dakika ile moja alisahau kabisa kwamba hana miguu, akajitupa kama mtu anayekwenda kukimbia, na miguu ikabaki palepale. Alianguka ubavu kwenye ukingo wa kitanda. Sijawahi kuona uso kama ule, na nimeona nyuso nyingi miaka ile.

"Kimbia ku parking," akasema. "Ukimukuta, mwambie Baba anakatala. Mwambie Baba anasema goti ni bure."

Nilikimbia. Magari ya Beni yalikuwa yameondoka tangu jua kuchomoza. Niliporudi, Baba alikuwa amejirudisha kwenye mito yake, jasho linamtoka. Akanitaka nimpe nyundo, akajigonga mwenyewe. Mguu ukaruka.

"Angalia muzuri," akasema. "Hii goti haiulize ubongo. Habari inatoka ku goti, inafika ku uti wa mugongo, huku chini, na inarudi mbio. Ubongo hajue kitu. Ni sawa barrière ya ku barabara. Askari wa barrière anakusimamisha, anakuachilia, na mukubwa wake hajue kama ulipita. Mimi, barabara yangu ya juu imekatika. Huku chini banajiamulia beye wenyewe. Na inaruka sana, sababu hakuna tena mukubwa wa kuiambia tulia."

"Donc, basi haiponi?"

"Haiponi. Haitapona."

"Na hautatembea?"

"Hapana, mama." Aliniita mama, kama baba wa kwetu wanavyowaita binti zao wanapowaonea huruma.

Nilikasirika. Nilikuwa na miaka tisa na nilimkasirikia baba yangu aliyelemaa, nikampigia kelele kwa nini hakunisahihisha, yeye anayesahihisha kila mtu. Aliigeuzageuza ile nyundo mkononi.

"Mama yako alicheka," akasema. "Nikasema, aache acheke leo, kesho nitamwambia. Kesho yake akapaka viatu rangi."

Siku ya pili ilipita. Siku ya tatu nilipika vyungu vitano, na kila kimoja kilipoiva nilikwenda mlangoni kutazama njia. Nguvu zilinipungua, nikawa namgeuza nusu tu, naye akasema nusu inatosha. Siku ya nne nikaona kwenye kiuno chake doa jekundu, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Sikumwambia. Siku hiyo hiyo mchana gari lilisimama mbele ya nyumba na Mjomba akashuka. Nyuma ya gari kulikuwa na mkeka uliofungwa kwa kamba. Watu wenye bunduki walikuwa wamelivamia gari la Mama njiani, wakati wa kurudi, mahali ambapo hata sasa dereva akipita hupunguza sauti ya redio. Walikufa saba, na Mama mmoja wao. Viatu vyake vya kanisani havikuwepo miguuni.

Kwetu, kabla ya kumzika mke wa mtu, watu wa kwao huuliza amekufaje, na ukoo wa mume hujibu mbele ya wote. Uani palijaa. Baba alitolewa na godoro lake, akawekwa katikati, akiwa ameegemea magunia ya maharage. Shangazi yake Mama, mwanamke mzee mkavu, ndiye aliyesimama kuuliza.

"Tulikupatia mutoto wetu. Ni nani alimutuma ku ile barabara?"

Nilikuwa nimekaa karibu na miguu ya Baba. Nikaanza kuinuka, maana jibu lilikuwa langu. Sijui kama ningelisema. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba ningelisema.

"Kaa," Baba akasema, kwa sauti ya darasani. Nikakaa. Akamgeukia yule mzee. "Ni miye. Nilimudanganya, nikamwambia neva zangu zinapona. Ni miye nilimutuma kwa daktari."

Watu waliguna. Yule mzee alitema mate chini. "Mwalimu mwenye kujua mwili yote," akasema, "na haukujua ile?"

"Nilijua," Baba akasema. Na hilo lilikuwa kweli.

Mimi nilimtazama Mjomba. Alikuwa ameinamisha kichwa, kofia mikononi, anaikunja na kuikunjua. Tulipotoka makaburini hakula, hakumuaga Baba, alipanda gari akarudi Mulekera. Nikaelewa, kwa akili yangu ya mtoto aliyejua kusoma picha, kwamba Mjomba amemchukia Baba kwa kosa langu. Na nikaelewa kwamba nikinyamaza, mimi sitachukiwa.

Basi nikanyamaza. Majirani walikuja zamu kumgeuza Baba, walifanya kwa moyo, lakini hakuna aliyepima kwa maharage. Lile doa likawa kidonda, kidonda kikawa shimo. Baba aliishi miaka miwili. Alifundisha akiwa kitandani mpaka karibu na mwisho, na hakumruhusu tena mtu yeyote kumgonga goti. Viatu alimpa mwanafunzi mmoja aliyekuja pekupeku. Kitu kimoja tu kilimsumbua kuliko maumivu. Kila aliposikia lori la Beni likipanda kilima aliniuliza, kama mtu asiyejali, "Shemeji hakutuma salamu?" Nilijibu hapana. Aliendelea kuuliza, na mimi niliendelea kujibu hapana, na kati ya swali lake na jibu langu kulikuwa na neno moja ambalo lingetosha, nitakwenda kumwambia ukweli, nami nilikuwa nalo mdomoni.

Alipokufa, Mjomba alituma mbuzi na sanda, lakini hakuja. Nilipoolewa, mbuzi wa mjomba alitengwa katika mahari kama desturi inavyotaka, na Mjomba akatuma neno kwamba mbuzi huyo aliwe na watu wengine. Kila mara nilisema moyoni: bado ana hasira na Baba, hata kaburini. Na kila mara sikwenda Beni. Niliuza vitenge mpaka Kasindi mpakani, nilifika Goma, nilifika hata Kampala. Beni niliizunguka. Majuto ni mjukuu, tunasema, kama vile mjukuu ni mgeni wa uzeeni. Wangu nilimlea tangu nikiwa na miaka tisa.

Nilikwenda mvua zilizopita, barabara ilipotulia kidogo. Nilimkuta Mjomba mbele ya nyumba yake, amezeeka, anageuza kakao kwenye turubai kwa reki. Alinitazama, akasema, "Una paji la uso la dada yangu." Akaniletea kiti. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza na habari za watoto na bei za vitenge, kisha nitaaga.

"Mjomba," nikasema, "Baba hakumutuma Mama. Ni miye niligonga goti, ni miye nilimwambia Mama inapona. Baba alisema vile juu ya kunificha. Usimukasirikie tena."

Aliendelea kugeuza kakao. Alifika mwisho wa turubai, akarudi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu kabla ya kilio. Mama yako alilala hapa kwangu. Alifika na furaha, anasema mutoto wangu ameona goti inaruka. Kesho yake akaenda kwa daktari, akarudia kimya. Daktari alimwambia yote." Akaegemea reki. "Nikamwambia, bakia kwanza, hata juma moja, barabara ni mubaya. Akasema, 'Sasa nimejua kama hatatembea tena. Nani atamugeuza? Ule mutoto hana nguvu.'"

Hapo nikakaa.

"Akaniomba nimusindikize," Mjomba akasema. "Nikasema niko na kahawa ya kuanika." Alitazama turubai lake. "Haikukuwa kahawa. Niliogopa. Mi niko na miguu yangu mbili, mizima, na niliogopa, nikamuacha aende yeye peke. Kisha nikaketi pale ku kilio, na ule mwenye hana miguu akabeba kosa mbele ya batu bote. Ningerudi kumuangalia na macho gani?"

"Baba aliwaza umemuchukia."

"Miye?" Alishangaa kweli, mzee yule, mdomo ukabaki wazi. "Nilikuwa ninangoja aniite. Nikasema, siku atanisamehe, atatuma mutu."

Alilia bila sauti, akiwa amesimama, na mimi nililia nimekaa, na jua lilikuwa kali juu ya kakao. Baba alikuwa Butembo miaka miwili akisikiliza malori. Mjomba alikuwa hapa Mulekera akingoja mtu wa kumwita. Kati yao kulikuwa na safari ya asubuhi moja, na mtu wa kupeleka habari alikuwa mimi. Sikupeleka.